Gambuti za Theluji

Dubai, 3 Juni

Mama mpendwa,

Natumai goti lako linaendelea vizuri. Mimi ni mzima kuanzia magotini kwenda juu. Chini ya hapo nimeganda. Hapa Al Barsha, ndani ya jumba la maduka, kuna ukumbi uliojaa theluji ya mashine. Watu hulipa ili watetemeke. Kazi yangu ni kuvuta watoto kwenye vigari visivyo na magurudumu. Wageni hupewa buti zenye manyoya. Sisi tumepewa gambuti, zile zile za kukamulia ng'ombe. Jana niliteleza kwenye mteremko, mtoto akafika chini peke yake akishangilia. Supavaiza wetu, Sir Zayd, hakushangilia. Niko kwenye majaribio hadi Agosti. Wewe umekamua kwenye baridi ya Molo miaka yote: gambuti hutiwa nini?

Mwanao,
Ronny

Molo, 5 Juni

Mwanangu Ronny,

Bwana asifiwe. Hatujambo, ng'ombe amezaa dume, tumemsamehe. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, kisha nikampa mchungaji. Tumekubaliana kwamba unaumwa. Daisy wa jirani, anayefanya kazi huko Dubai na sasa yuko huku likizo, anasema huko yai hukaangika juu ya gari. Mtu anayesikia baridi jangwani ana malaria, au ana chupa. Nenda hospitali. Kama ni chupa, tubu.

Mamako

Dubai, 20 Juni

Mama,

Nakusalimu, na mchungaji pia. Nimepimwa damu, sina malaria. Tazama picha: nyeupe ile si unga, ni theluji, na mwenye masharubu ya barafu ni mimi. Nilivaa soksi tatu, gambuti zikabana, vidole vikafa ganzi. Kenneth, Mganda ninayefanya naye kazi na kulala naye chumba kimoja huku Al Qusais, akanishauri nivae mifuko ya nailoni ndani. Miguu ikatoka jasho, jasho likawa barafu. Jumamosi nikaanguka tena, safari hii juu ya Sir Zayd. Akasema, "Ronny, ukianguka tena, khalas, basi, unarudi kwenu." Nisaidie, mama.

Mwanao,
Ronny

Molo, 24 Juni

Ronny,

Pole, mwanangu. Picha imezunguka kanisa zima. Sasa sikiliza. Omba gambuti zinazokuzidi saizi moja. Mguu uliobanwa haupati joto. Tupa nailoni. Kata katoni kwa umbo la wayo, itangulize chini, juu yake weka sufu. Nimemnyoa kondoo, nikakushonea soli za ndani na kukufumia soksi. Daisy anarudi kazini Alhamisi, atakuletea. Nje, zungushia soli kamba ya katani ili usiteleze. Na kila ukitoka kazini, toa kila kitu ukianike. Sufu nimeiosha mara moja tu, kwa haraka.

Mamako

Dubai, 6 Agosti

Mama mpendwa,

Miguu inakusalimu kwanza. Ina joto! Ila ile mara moja ya kuosha haikutosha. Chumba cha kubadilishia nguo kilipopata joto, Sir Zayd aliingia akinusa: "Nani ameleta kondoo hapa?" Kenneth, rafiki mwema, akajibu, "Sir, ni Ronny." Zayd akachukua gambuti yangu moja, akatumbukiza mkono ndani. Akaibonyeza sufu. Akavua kiatu, akatumbukiza mguu. Akachezesha vidole. Kisha akauliza, "Mama yako anaweza saizi arobaini na tatu?"

Sijaanguka tena. Leo nimetia sahihi kandarasi ya miaka miwili.

Mwanao,
Ronny

Molo, 9 Agosti

Mwanangu Ronny,

Goti linauma kidogo, mengine shwari. Hongera. Tumekuimbia kanisani.

Nikwambie jambo. Nilipomaliza kufunga kile kifurushi, nilikaa nacho mapajani. Nilijua bila sufu ungeteleza, nawe ungekuwa nyumbani kabla ya kuvuna viazi. Ikabidi nimwite Daisy upesi akichukue, kabla sijabadili nia.

Mwambie Zayd soksi zake ziko njiani, na hizi nimeziosha mara nne. Fanya kazi vizuri, mwanangu. Na kama ni lazima uanguke, angukia upande wa huku.

Mamako