Mgongo wa Mama na Vidonge vya Saratani

Malaba, Jumanne. Mvua imekataa kunyesha na joto limetukalia kifuani.

Leo sikwenda ofisini. Malori yangu ya kusafirisha mizigo Uganda yanangoja forodhani, wacha yangoje.

Asubuhi nilikuwa namwogesha Mama. Nilipomvua blauzi, ilikuwa imegandamana na mgongo. Pale alipochomwa mionzi Eldoret, ngozi imekuwa nyeusi, imepasuka, inatoa maji.

Nilirudi nyuma nikamwaga beseni la maji.

Mama ana saratani ya mapafu, na imefika kwenye uti wa mgongo. Kila siku humeza kidonge kinacholenga saratani yenyewe. Kabla ya mionzi, daktari alimwambia akiache kwanza. Mimi niliamini ameacha.

"Mama, bado unameza?"

Alitazama ukuta. "Nekesa, hizo dawa ndizo zilinirudishia pumzi. Niache, halafu?"

Nilimpigia daktari. Hakunigombeza. Alisema dawa inafunga mlango ambao saratani hutumia kukua, lakini seli za ngozi nazo hutumia mlango huo kujirekebisha. Mionzi ikiziumiza, zinachelewa kupona. Tusipake kitu chochote, tufunike kwa kitambaa safi, kidonge kisimame, kesho tumpeleke hospitali.

Kisimame hadi lini? Hadi ngozi ianze kujifunga, alisema. Na kifua je? "Tutakiangalia kwa karibu."

Hakusema kitakuwa salama.

Nikimpa dawa, mgongo unaoza. Nikimnyima, nakumbuka alivyokuwa kule kijijini Butula kabla ya vidonge, akilala ameketi, akivuta hewa kama mtu anayezama. Na mimi ndiye nimwambie aache?

Nilimwambia. Nilimweleza yote, hata kwamba daktari hakuahidi chochote kuhusu kifua.

Mama akatoa vidonge chini ya mto, akanipa mkononi.

"Weka. Lakini nikikohoa, utasikia?"

"Nitasikia, Mama."

Nimevuta godoro langu hadi chumbani kwake. Jua bado halijazama na tayari nimeinuka mara nyingi, kila anapokohoa.

Sasa hivi amekohoa tena. Nimeacha kuandika, nimesimama mlangoni.

"Ni moshi wa jirani tu," amesema. "Rudi uandike."

Nimechungulia dirishani. Jirani hajawasha moto.