Umeshameza, Mwanangu?

Neema amejifungua, Baba Neema. Mtoto wa kiume. Amepewa jina lako, Mabula, na mimi tayari namwita mume wangu, kwa hiyo huko uliko jipange, umepata mwenzio.

Sasa ndiyo nikusalimie. Mpendwa mume wangu, mimi mkeo ni mzima. Nipo huku Kiseke, ng'ambo ya ziwa, kwa binti yetu, nimekuja kumhudumia mzazi. Nimekaa kibarazani, mtoto yuko mapajani, naandika kwa mkono mmoja, kwa hiyo mwandiko ukipinda usinicheke. Ulinioa na darasa la saba langu na hukuwahi kulilalamikia, usianze leo.

Acha nijisifu kwanza, maana wewe ndiye ulikuwa unanivumilia. Nesi alipompandisha kwenye mzani alisema, "Huyu amekuja na mizigo yake." Wodi nzima ilikuwa na watoto, wazuri tu, sitawasema vibaya, ila wetu alikuwa na nywele mpaka shingoni na kile kidole gumba chako cha mguu, kinachoangalia pembeni. Nimewafunulia watu mguu huo mpaka Neema akaniambia, "Mama, mtoto atapata baridi." Mwenye binti mwalimu, na sasa mwenye mjukuu wa namna hii, ananyamazaje?

Lakini wewe unajua tulikotoka. Neema alipoolewa na Elias tulikaa tukisubiri habari, na habari haikuja. Siku zake zilikuwa zinapotea, mwezi huu anaziona, miezi inayofuata hazionekani. Kidevuni zikamwota ndevu, akawa anazinyoa kabla mumewe hajaamka. Pale nyumbani Sengerema watu wakaanza kutuletea mizizi. Jirani akaleta chupa ya dawa nyeusi, akasema Neema ainywe akitazama mashariki. Ukaipokea kwa mikono miwili, ukashukuru, alipoondoka ukaimwaga kwenye mgomba. Msimu ule mgomba ukazaa mkungu wa kuegemezwa na mti. Ukaniita nje. "Mama Neema, dawa ya watu inafanya kazi, ila kwa mgomba."

Ni wewe uliyesema twende hospitali, tena ukavaa koti lako la maonyesho ya wakulima ya Nanenane, kana kwamba daktari angempa matibabu mazuri zaidi mwenye baba aliyevaa koti. Yule daktari mama akatuonyesha picha ya kipimo, ovari imezungukwa na vifuko vidogo vidogo. "Mayai anayo, tena mengi," akasema, "ila hayapevuki kwa wakati, homoni zake hazijakaa sawa. Hajalogwa, na msimwite mgumba." Akamwambia atembee sana, apunguze mwili kidogo, akamwandikia vidonge. Neema alipotoka dirisha la dawa na karatasi ya vidonge mkononi, ukacheka mpaka wagonjwa wakageuka. Ukaingiza mkono kwenye koti, ukatoa vyako vya ugonjwa wa sukari. Vilikuwa vilevile, na jina lilelile.

"Kwa hiyo baba, na mimi nina sukari?"

"Huna. Hukumsikia daktari? Vyako ni vya kuziweka sawa hizo homoni. Ila nikiishiwa nitakuazima."

"Daktari amesema mtu asiazime dawa."

"Mwalimu wewe, hata utani huujui."

Vilimchafua tumbo mwanzoni, akataka kuacha. Wewe mzoefu ukamwambia avimeze katikati ya chakula, asivimeze tumbo tupu. Hapo ndipo ilipoanza ile simu yenu ya chakula cha jioni. Mimi napakua ugali, wewe umeweka simu mezani sauti iko juu.

"Umeshameza, mwanangu?"

"Bado baba, natafuna."

"Nakusubiri."

Na ulimsubiri kweli, kidonge kiganjani, ugali unapoa, ukinizuia nisifunike mboga. Nilikuwa nanung'unika. Leo ningetoa chochote nile ugali ule uliopoa.

Kisha Mama Elias akaviona vidonge kwenye mkoba wa Neema. Alivijua, jirani yake anavitumia, akawatangazia ndugu zake wote kwamba mkwe wao ana sukari na anawaficha. Tangu siku hiyo Neema akienda ukweni anapewa chai kavu, isiyo na sukari, viazi vinaondolewa kwenye sahani yake. Neema akanywa chai kavu na kunyamaza, maana angeanzaje kumwelezea mama mkwe habari za mayai yake? Mwishowe tukaitwa, wazazi wa pande zote mbili. Nilijua tunakwenda kuambiwa tumrudishe binti yetu nyumbani.

Tukavuka kwa kivuko, tukakaribia Kigongo. Ukazitazama zile nguzo za daraja zilizokuwa zinasimamishwa ziwani. "Hili likiisha," ukasema, "nitalivuka kwa miguu na mjukuu begani, nimpeleke Nanenane akaone ng'ombe wakubwa." Mtu anakwenda kunyang'anywa ndoa ya mwanawe, wewe unazungumza ng'ombe.

Kwetu baba hataji tumbo la binti yake mbele ya wakwe. Nilijua utaangalia viatu vyako mpaka jua lizame. Kikaletwa chakula, samaki sato wa kupaka nazi kwa wote, na kwa Neema sahani ya peke yake, mboga za kuchemsha. Mama Elias akasema kwa upole, "Mkwe wetu tunamtunza, si mnajua ana sukari."

Ukatoa karatasi yako ya vidonge, ukaiweka mezani. "Neema, lete na yako." Ukazilaza pamoja, jina kwa jina.

"Mwenye sukari ni mimi, mama," ukasema. "Hivi navimeza mimi, miaka mingi. Binti yangu anameza hivi hivi ili mayai yake yapevuke, mpate mjukuu. Ni aibu kwangu kulisema hapa, na nimelisema." Ukachukua kidonge chako, Neema akachukua chake, mkameza pamoja mbele ya watu.

Nilimwona Mama Elias akiangalia zile karatasi mbili. "Kumbe tumemnyima mtoto wa watu sukari bure," akasema. Akanyanyuka, akaleta bakuli la sukari, akamwekea Neema kijiko juu ya kijiko kwenye chai, mpaka Neema akafunika kikombe kwa kiganja. "Mama, daktari naye amekataza sukari nyingi." Hata mzee wao aliyekuwa amenuna tangu asubuhi alicheka. Hakuna aliyetaja tena kurudisha mtu.

Vile vidonge peke yake havikutosha, hilo ulilijua. Daktari akaongeza vingine vya kupevusha mayai, vya kumezwa siku chache tu kila mzunguko unapoanza, na kila mara Neema akarudi kupimwa. Mimba haikushika. Wakajaribu tena, haikushika. Ulikuwa unampigia hata siku ambazo hana la kusema, mnatafuna tu. Halafu ukaugua, ukatutoka wakati mahindi yanabeba.

Watu wa matanga walipokwisha kuondoka, nikapika ugali wa mtu mmoja, sikuwa najua kipimo chake. Simu yako ikaita pale mezani. Neema. Nikapokea, nikamsikia anatafuna. Mimi sina kidonge, nikashika tonge.

"Umeshameza, mwanangu?"

Akaacha kutafuna. Kisha akasema, "Bado, mama."

"Nakusubiri."

Ndivyo tulivyoendelea, Baba Neema. Daktari alipandisha dozi ya vile vidonge vya kupevusha, na safari hiyo ikashika. Siku alipopima na kuona, hakunipigia kwenye namba yangu. Alipiga kwenye yako, nami nikaelewa ni nani aliyekuwa anaambiwa kwanza. Bado naichaji kila siku. Elias anasema ni ya zamani, aninunulie nyingine.

Barua hii ni ya wazi, nimeridhia kila mtu aisome, na Neema ameridhia. Mwenye binti anayepotelewa na siku zake asimalize miaka akichemsha mizizi, ampeleke akapimwe. Na akipewa dawa, awepo mtu wa kumsubiri ameze.

Nilidhani mtoto akija kiu ya kukuona itapungua. Imezidi. Kila anapopiga mwayo nageuka nikuonyeshe. Naona pengo lako pale mlangoni, kwa ukubwa wa koti lile.

Daraja limeisha. Hatukai tena foleni ya kivuko. Elias ameahidi kutushusha garini tulivuke kwa miguu kama watatukubalia, na Mabula nitambeba mimi, nimemfunika koti lako kwa ajili ya upepo wa ziwa. Mama Elias anakuja na sukari ya chai tutakayokunywa nyumbani siku hiyo, anasema ile aliyomnyima Neema hajamaliza kuilipa. Tutasimama kaburini kwako, nitamfunua mguu, ukione kidole chako.

Pumzika vizuri, mume wangu wa kwanza. Ulisema utampeleka mjukuu Nanenane. Kwa kuwa huwezi kuja, sisi wote tunamleta kwako, siku hiyo hiyo ya Nanenane.

Mkeo,
Mama Neema, bibi yake Mabula