Maneno ya Mwenye Duka

Jumatatu, 3 Machi

Daktari amekuja, amesikiliza moyo, amekunja vifaa vyake taratibu mno. Nikamwambia aseme tu, mimi nimezeekea mahakamani, hukumu naijua kabla haijasomwa. Akasema wiki chache, labda na ziada kidogo. Sawa. Chumvi nimekula ya kutosha. Chai ilikuwa tamu, nikamaliza kikombe.

Kinachonikera ni kimoja: gemu la mdogo wangu. Nani atamsomea?

Niandike wazi, maana hapa hasomi mtu. Nilikuwa mkalimani wa mahakama. Niliapa kutoongeza wala kupunguza, na sikuongeza neno hata kwa mshtakiwa aliyekuwa analia. Nikastaafu. Mdogo wangu akafiwa na mumewe, akahamia kwangu na cherehani yake na uso kama ukuta. Nikanunua mashine ya gemu ya mtumba, apate kuchangamka. Gemu la shamba: unapanda, unamwagilia, unamuuzia mwenye duka. Maneno yote Kiingereza, na yeye Kiingereza hakijui. Ikawa yeye anacheza, mimi natafsiri.

Siku ya kwanza mwenye duka akasema: "Karibu. Mbegu au zana?" Nikautazama ule uso wa mdogo wangu. Nikasema: "Anakuambia yule mjane wa darajani kapita tena leo, hanunui kitu, anauliza tu bei ya chumvi."

Akacheka! Mara ya kwanza tangu msiba.

Basi nikaendelea. Miaka! Mwenye duka na mjane, mjane na mwenye duka. Na mdogo wangu anaamini yote yameandikwa pale kwenye kioo. Kiapo changu kilinitazama kwa jicho la pembeni, nami nikakigeuzia mgongo. Sijutii. Ila naogopa kufa nikiwa nimemdanganya.

Jumatano, 5 Machi

Fundi wa pale kona, anayetengeneza simu na mashine za gemu, amekuja na kompyuta. Nimemwambia nataka gemu liongee Kiswahili kabla sijaondoka. "Unakwenda wapi tena, Bibi?" Nikamwonyesha juu kwa kidole. Akakohoa, akatafuta waya ambao haukupotea.

Ameeleza vizuri. Waliolitunga gemu waliliacha huru, anayetaka kulitafsiri ruksa. Skripti, yaani programu ndogo ya kufanya kazi hiyo, inalifungua, inatoa faili la maneno. Mimi nabadilisha maneno. Kisha skripti inakusanya kila kitu upya kuwa kifurushi kimoja, mashine inakisakinisha. Ni kufumua nguo na kuishona tena, nikasema. "Enhe. Ila kifungo kimoja kikikosekana, mashine haivai!"

Kompyuta ameniachia. Mdogo wangu anadhani naandika wosia. Ananyata kama paka.

Ijumaa, 7 Machi

Kazi tamu. Kichwa bado kinakubali. "Mwagilia." "Mvua inakuja." "Ng'ombe wako ana furaha." Nani kamuuliza ng'ombe?

Nilidhani nitaingiza hadithi yetu humo, mambo yaishe. Haiwezekani. Mwenye duka ana sentensi nne tu, atazirudia hadi kiama. Yetu ilisogea kila siku: leo kamtumia mjane mchicha, kesho kaona haya kajificha nyuma ya magunia, keshokutwa mbuzi kala barua. Faili halina kesho.

Kwa hiyo ni tafsiri ya kweli, neno kwa neno. Naye siku atakayoisoma atajua kuwa dada yake ni mwongo. Heri nimwambie kwa mdomo wangu kwanza.

Kesho.

Jumapili, 9 Machi

Sijamwambia. Jana alikuwa na wateja, leo asubuhi kichwa kiliniuma. Visingizio havikosi mwenyewe.

Leo nimeendesha skripti. Mistari ikapanda kwenye kioo kama siafu, mwisho ikaandika kwamba imekamilika. Nikahamishia kwenye flashi, mdogo wangu akachomeka, nikamwelekeza nikiwa kitandani. (Kitanda changu siku hizi kiko sebuleni.) Gemu likafunguka — shamba tupu! Hakuna ng'ombe, hakuna ua, magugu matupu.

"Dada! Umenifilisi!"

Mikono kichwani, hata dukani hakufika. Mie moyo ukapiga vibaya, nikadhani ndiyo hiyo sasa.

Nikampigia fundi. Akacheka kwanza, mpumbavu. Kumbe kila kifurushi kina kitambulisho chake, herufi kadhaa zisizo na maana, nami nilizifuta nikaweka jina zuri la Kiswahili. Mashine ikadhani ni gemu jingine kabisa. Shamba la zamani lipo palepale, linamngoja mwenye jina lake. Mimi, niliyewahi kumsahihisha hakimu jina la shahidi!

Jumatatu, 10 Machi

Nimerudisha kitambulisho, herufi kwa herufi. Nimepandisha namba ya toleo tu, mashine ijue hili ni jipya. Skripti imekubali. Flashi iko chini ya mto.

Alikuwa ananikanda miguu. Akasema: "Mbona unanitazama kama mtu aliyekula kuku wa jirani?" Hapo ndipo palikuwa mahali pa kukiri. Nikafungua mdomo. Nikaomba maji.

Jumanne, 11 Machi

Amesakinisha. Sikumwambia. Nimefumba macho kama mshtakiwa anayesubiri.

Shamba limerudi! Amewaita ng'ombe wote kwa majina. Kisha nikasikia ule mlio wa kengele ya mlango: kaingia dukani. Kilichoandikwa pale nakijua, nimekiandika kwa mkono wangu. Karibu. Mbegu au zana?

Nikasikia kisanduku cha miwani kikifunguka. Saa ya ukutani ikanikera kwa mlio wake.

Kisha akasoma, polepole, kwa sauti ya darasani: "Leo nimefunga duka mapema. Nimenunua shati jipya. Nakwenda darajani, na liwe liwalo."

Macho yakafumbuka yenyewe. Nikauliza: "Hayo ndiyo yaliyoandikwa hapo?"

"Wee Dada, lala. Nani anasoma hapa?"

"Umejua tangu lini?"

"Mimi fundi cherehani. Mshono uleule kila siku, nisiuone?" Wala hakugeuka. "Na chumvi dukani mle haijawahi kuuzwa. Nyamaza sasa, yuko mlangoni kwa mjane, anapiga hodi."

Nikanyamaza. Machozi yakaingia masikioni, ndiyo hasara ya kulia umelala chali. Nikacheka pia, mpaka kifua kikauma. Miaka yote hiyo, nani alikuwa anamtunza nani?

"Haya, halafu?" nikasema. Akasimamisha gemu, akasema koo limemkauka, kwanza chai. Ana roho mbaya! Ndivyo nilivyokuwa namfanyia mimi.

Yuko jikoni, naandika upesi. Mwenye duka amesimama mlangoni na shati lake jipya, kola yamkaba, mbuzi anamtazama. Mlango haujafunguliwa. Na mimi sijui mjane atamjibu nini. Mimi! Sijui!

Vikombe hivyo vinakuja —