Matundu ya Mkanda

4 Februari

Mdogo wangu,

Salamu ni wajibu, kwa hiyo nakusalimu. Miaka mitatu sijakuandikia, tangu ulipompeleka Mama hospitali yako akitembea ukamrudisha amebebwa. Natumai u mzima.

Mimi sijambo, ila tumbo. Huu ni mwezi wa tano tangu chakula kianze kukaa chini ya kifua kama mgeni asiyeaga. Kiungulia, kubeua, na vijiko vinne tu nimeshiba. Wifi yako ndiye kanilazimisha nikuandikie, eti wewe daktari. Nitajie dawa basi, maswali sitaki. Faida yake kitambi kimekwisha: mkanda nimeutoboa tundu jipya, na wateja kibandani wananiita kijana. Wewe nasikia umenenepa kwa mishahara ya marehemu.

Kaka yako, fundi viatu

15 Februari

Kaka,

Shikamoo, maana Mama alinifunza adabu hata kwa wasioistahili. Mimi mzima. Mama alifika kwetu uvimbe wa tumbo umeshaenea. Nimekueleza mara tatu na masikio unayo.

Zile dawa za maumivu ya mgongo ambazo wifi anasema unazimeza kabla ya kula, ziache, zinachubua tumbo. Kula kidogo kidogo, wala usilale ukishakula. Nakutumia vidonge vya kupunguza asidi: kimoja asubuhi, nusu saa kabla ya chakula, kwa mwezi mmoja. Zahanati wakupime choo, waone kama una bakteria wa tumbo. Kuhusu unene wangu, mdomo wako nao ungehitaji nyuzi mbili tatu.

Mdogo wako

20 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zako nimezipata, na matusi yake. Vidonge nimemaliza. Kiungulia kimepungua, chakula bado hakishuki. Za mgongo nimeacha. Choo changu sikibebi kwenye kikopo nikampe mtoto wa watu.

Juzi nilichokula mchana nilikitapika jioni, kilekile kama kilivyoingia. Wifi yako ananipikia uji. Mkanda ni tundu jipya la tano sasa. Ulisema mwezi mmoja, na mwezi umekwisha. Daktari gani wewe?

Kaka yako

27 Machi

Kaka,

Shikamoo. Barua yako ya Februari nimeitoa kwenye droo nikaisoma upya. Habari za mkanda uliniandikia siku ileile. Mimi nilisoma tusi, mkanda nikauruka.

Mgonjwa mwingine yeyote wa umri wako, anakonda na kushiba kwa vijiko vinne, nisingempa vidonge akanywe nyumbani. Ningempeleka wiki hiyohiyo apitishwe mpira wa kamera mdomoni, tumbo lionekane ndani. Wewe nilikutibu kwa barua kwa sababu sikutaka kukuona uso. Kosa hilo ni langu.

Inaweza kuwa kidonda, na kidonda kina dawa. Inaweza kuwa kilichomuua Mama. Sijui, na kwa barua sitajua. Njoo. Ukikataa, niambie angalau mkanda umefika tundu la ngapi.

Mdogo wako

6 Aprili

Mdogo wangu,

Sijambo. Siji. Mmoja tumeshakupa, anatosha. Ukitaka matundu, hesabu mwenyewe.

Kaka yako

21 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Hali yako siulizi, nimeiona. Kifurushi kimefika leo mchana. Barua haimo, hata salamu. Mkanda tu, umeviringishwa kwenye gazeti.

Nimehesabu. Matano ya zamani, manane mapya. Saba yamekaa kwenye mstari. La nane limekwenda kombo na ngozi imechanika. Tangu utoto wetu sijaona mkono wako ukikosea tundu. Nilikaa chini nikalia, na hilo nalo unaweza kulicheka.

Ruhusa kazini nimepata. Barua hii nampa dereva wa basi la alasiri. Mimi napanda la kesho alfajiri, na kesho kutwa tunarudi wote. Kamera inataka tumbo tupu, kwa hiyo kesho jioni ukishakunywa uji usitie tena kitu mdomoni. Wifi akulinde.

Kunitukana utanitukana njiani, safari ni ya saa tano. Mama alipoingizwa kupimwa, nilimngoja nje ya mlango. Wewe nitaingia nawe, nikushike mkono hata kama hutaki.

Mkanda ninao kwenye mkoba.

Mdogo wako