Obwato wa Kioo cha Volkano

Izimbya

Mjukuu wangu Mujuni,

Sisi hatujambo. Bibi yako goti linamsumbua, lakini kupalilia haachi, na akiambiwa apumzike hanuni tu, anagomba.

Michoro yako tumeiona. Lango la kioo cha volkano, kitanda cha kioo cha volkano, hata boti la kwenda kisiwani Goziba, nalo la kioo! Sasa unauliza kama utuchongee na obwato, ule mtumbwi wa kukamulia ndizi. Wewe Mujuni! Ndizi si tunazikanyaga kwa miguu mitupu? Na umeandika mwenyewe kwamba jiwe hilo likimeguka linakata kama wembe!

Nilipokuwa kijana, baba yangu naye aliuchoka obwato wa mti, akajenga wa saruji. Majirani walikuja kuushangaa. Tulikanyaga tangu asubuhi, na kufika mchana nyayo zilikuwa zimechubuka. Rubisi yenyewe, ile pombe yetu ya ndizi, ilinuka ukuta. Wazee waliisifu kwa heshima, kisha wakaondoka wameacha vibuyu vimejaa. Baba alicheka mpaka akakaa chini. "Niliwauliza mafundi wote," akasema, "nyayo sikuziuliza." Akaurudisha ule wa mti.

Ndio huo huo uliopo nyuma ya jiko, mkavu. Ndizi zinaivia mgombani, zinaliwa na ndege, maana miguu yangu haiwezi tena na baba yako haji.

Obwato tunao, Mujuni. Tulichokosa ni miguu. Lete yako.

Babu yako