Karatasi ya Pili kwenye Kiti cha Kuka

Dada mshauri Winrose, nimekwama, nisaidie. Nina miaka themanini na nne, nimezika wake wawili, machifu watano na daktari aliyeniambia sitafika Krismasi, na hapa Lubao hakuna mtu amewahi kunishinda maneno, ila sasa nimeshindwa na mjukuu wangu Nasambu wa gredi ya saba. Mwalimu wao wa Kiingereza alisema kila siku wajifunze maneno matano, basi huyu mtoto anakatanga boksi, anaandika jina la kitu na kulibandika kwa obusuma baridi, ugali uliolala, mlango una lake, sufuria ina lake, ng'ombe alifungiwa lake kwenye pembe, ndama akalitafuna. Halafu akaanza kuyaunganisha. Weh! Anaongeza kamkia nyuma ya neno, kazi inakuwa ya jana, anatanguliza kengine mbele, inakuwa ya kesho. Mimi nimekata miwa miaka arobaini na hakuna aliyenifikia, lakini jana sijawahi kuigusa.

Sasa shida. Nimemwambianga mimi Kuka, babu yake, nilisema Kiingereza na mzungu wa Lugari mpaka akavua kofia. Ukweli, niliacha shule darasa la pili. Jumanne nikakuta karatasi mbili kwenye kiti changu. Moja najua ni ya kiti.

"Na hii?"

"Hiyo ni yako, Kuka. Inakufaa?"

Nikasema, "Kabisa, umepata!" Akaniangalia hivi, akarudi kukata boksi lake. Tangu hapo namkwepa. Nikimkemea na kumbe ni sifa? Nikimshukuru na kumbe ni tusi? Neno lenyewe nimelinakili hapa chini herufi kwa herufi. Nitafsirie. Barua chapisha, neno usichapishe, Lusweti wa bucha asilijue kabla yangu.

Ukidhani natunga, muulize huyo Lusweti, na jirani Navalayo, aliyeona ndama akitafuna jina la mama yake.

Mzee Wekesa, Lubao

*

Mzee wangu, nimelisoma. Si tusi. Zaidi ya hapo hunitoi kitu.

Mtoto ameokota neno moja katika yote aliyonayo akakupa wewe, nawe unajificha nyuma ya kofia ya mzungu? Umezika machifu watano, ukashindwa kuzika uongo mmoja! Najua, ni vigumu uliyembeba mgongoni akikutangulia njiani. Lakini ametangulia, na amegeuka kukuangalia.

Umetaka barua ichapwe, imechapwa. Gazeti linafika kwa Lusweti saa sita, Nasambu anatoka shule saa kumi. Mpokee njiani kabla hajaambiwa na mwingine. Mpe karatasi, sema, "Kuka alikudanganya. Nisomee." Kisha umwombe maneno matano yako ya leo.

Lusweti na Navalayo waachie mambo ya ndama. Hili shahidi wake ni Nasambu peke yake.