Chupa Uliyoiandika Siki

Mwaka umetimia leo, Baba Filipo, tangu Jumamosi ile ya tarehe 12 Desemba 1981 ulipotutoka, wewe Erasto Chidosa, karani wa bandari, mume na baba wa nyumba hii ya Magomeni, Mtwara. Krismasi inakaribia tena na hatuna hamu nayo.

Ulihamishiwa huku kutoka Dodoma mwaka 1969. Ulikulia kando ya mashamba ya zabibu ya misheni, na huku zabibu hakuna. Ulinung'unika mwaka mzima. Kisha ukaona mabibo yakioza chini ya mikorosho ya Mzee Athumani, rafiki yako wa njia ya Mikindani, ukasema Mungu hawezi kuumba tunda lenye maji mengi vile kwa ajili ya nzi peke yao. Mzee Athumani hajawahi kuonja kileo maishani mwake, lakini kila msimu alikuletea tenga zima juu ya baiskeli. Alikuwa akisema, "Mimi naleta matunda. Ya baadaye ni yako na Mungu wako."

Tunaikumbuka kazi ya mikono yako. Ulikamua mabibo, ukatia uji mwepesi wa mchele ili ukakasi uzame chini, ukachuja kwa kitambaa cheupe ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Sukari ya duka la ushirika ilikuwa ya mgawo, basi mwezi mzima wa Oktoba tulikunywa chai bila sukari ili divai ipate chake. Watoto walinuna. Mimi pia nilinuna, na leo ningeinywa chai hiyo mwaka mzima bila neno.

Divai ya 1971 ilipasua chupa mbili chini ya kitanda mchana kweupe, na jirani yetu Hadija akawasukumia wanawe mvunguni akidhani Wareno wamevuka Ruvuma. Ile ya 1974 ilikosa sukari kabisa, ukatia asali ya Mzee Athumani. Ikawa na harufu ya moshi, na mpaka leo binti yetu Veronika anasema ndiyo iliyozishinda zote. Ya 1978 hatukuifungua. Filipo wetu alikuwa vitani, ukasema haitapita kooni.

Ulikuwa na desturi yako. Siku ya Krismasi, tukitoka kanisani, ulimmiminia kila mtu kwa mkono wako, kisha ukazunguka meza ukiuliza mmoja mmoja, "Unasemaje?" Wewe ulikunywa wa mwisho, baada ya kusikia majibu yote. Tulikucheka kwa hilo. Kumbe ndiyo ilikuwa sikukuu yako.

Krismasi ya 1980 ulipomfikia Filipo, mtoto wako wa kwanza, alijibu mbele ya wageni, "Baba, hii si divai. Ni mabibo yaliyochacha." Akaongeza kwamba kule vitani alionja divai hasa, katika nyumba za wakubwa waliokimbia. Hukumkaripia. Uliirudisha glasi yako mezani, na mwaka ule hukunywa. Filipo alirudi Tanga kwenye kazi yake ya udereva na hakuandika barua hata moja. Nawe hukuandika. Vichwa vigumu, baba na mwana, na mimi katikati nikipika chakula cha watu wasiopo.

Novemba iliyofuata uliamka ukaenda mwenyewe kwa Mzee Athumani kuchagua mabibo, moja moja. Ulikuwa umeanza kukonda na hukutaka tuseme. Ilipatikana chupa moja tu. Ukaniambia, "Hii ni ya Filipo. Akiionja akasema ni nzuri, nimemaliza." Uliziba kwa nta ya mshumaa, ukabandika karatasi iliyoandikwa SIKI, kama ulivyozoea, ili ndugu yangu Andrea asiiguse. Andrea, usininunie, unajijua. Chupa ukaipanga jikoni kati ya mafuta na chumvi, mahali ambapo mlevi hatafuti.

Wiki tatu baadaye tulikuzika. Filipo hakuwahi. Mvua ilikuwa imekata barabara na kivuko cha Rufiji kilisimama, akafika siku ya tatu na tope mpaka magotini. Esta wa kwaya ndiye aliyeshika jiko la msiba. Alitaka kumtengenezea samaki na kachumbari, akasoma karatasi yako, akafungua chupa, akamimina yote.

Nilikuwa nimekaa mkekani chumbani. Harufu ilinifikia na niliitambua mara moja. Nilijua ni nini kinamwagwa. Lakini mjane hainuki mkekani kwenda kugombea chupa. Mzee Athumani alikuwa amekwenda kuswali kabla ya chakula, na kwa hilo tunamshukuru Mungu. Nimejilaumu mwaka mzima, Baba Filipo. Neno moja tu lingetosha, nami nilinyamaza. Nisamehe.

Nilikuja kumwambia Filipo siku ya arobaini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaenda jikoni, akaitafuta ile chupa tupu, akakaa nayo sakafuni akilia.

Mwaka huu alichukua likizo Oktoba. Alikunywa chai bila sukari pamoja nasi. Mzee Athumani alimletea tenga, nami nikamweleza yote niliyokumbuka, lakini wewe hukuandika popote na mimi sikuwahi kutazama vizuri. Divai yake imegeuka siki. Tumeitia katika chupa ileile, na karatasi yako hatukuibandua. Safari hii inasema kweli. Siku ya Krismasi glasi yako itakuwa mezani, na hakuna atakayezunguka kutuuliza.

Ibada ya kukuombea ni leo Jumapili, kanisani kwetu, baada ya ibada ya kwanza. Baadaye karibuni nyumbani kwa chai.

Unakumbukwa na mkeo Modesta, binti yako Veronika, shemeji yako Andrea, ambaye tangu msiba hajagusa kileo, Mzee Athumani, Hadija na wanawe, wenzako wa bandarini, na mwanao Filipo. Yeye ameomba aandike mwenyewe hapa mwishoni, nami nimempa nafasi:

"Baba, nilikula samaki yule bila kujua. Nilimwuliza Mama Esta siki hii ameitoa wapi, mbona tamu namna hii. Nikaomba niongezwe. Waliokuwepo walinisikia."

Hututoki moyoni, Baba Filipo, siku zote za uhai wetu.